Skrini Isiyo na Spika

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, jirani yetu seremala aliingia nyumbani kwake amekumbatia skrini ya kompyuta. Alikuwa ameipata katika ofisi iliyokuwa ikifungwa, haina hata mkwaruzo. Mkewe alikuwa anakausha vyombo.

"Mama, leo gemu lako utaliona kwa picha safi," alisema. "Ile televisheni yako ya zamani, ya chogo, inatuua macho."

Ukweli ni kwamba macho hayakuwa yakimuuma. Kilichomuuma ni roho. Mashine ile ya gemu ilikuwa ya marehemu, mume wa kwanza wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kepteni. Kila Jumapili mwanamke yule alicheza mpira dhidi ya timu aliyoiacha Kepteni ndani ya mashine, na pedi ya pili ya kuchezea aliiweka kwenye sofa, pembeni yake. Hapo hapakaliwi. Seremala, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, mwenye mke, hukaa kwenye kigoda. Alikuwa akijituliza kwa ule msemo wa mla mla leo, mla jana kala nini. Haukumsaidia. Kumwonea wivu mtu aliye hai ni taabu, lakini kumwonea wivu maiti ni wazimu, kwa sababu maiti hakosei tena.

Basi alikuwa na lake moyoni. Kwenye televisheni ile maandishi yalikuwa ukungu mtupu. Kwenye skrini safi angelisoma jina la Kepteni, alifute, yaishe.

Akachomoa nyaya tatu za rangi, akachomeka waya wa HDMI nyuma ya mashine, ncha ya pili akaitia kwenye skrini. Picha ikatokea, hata nyasi za uwanja zikahesabika. Ila kimya.

"Mbona haina sauti?" mkewe aliuliza.

"Skrini hizi hazina spika. Nitatafuta baadaye."

Mkewe akatoka uani kuanika vitambaa. Seremala akashika pedi haraka, akafungua orodha ya wachezaji. Kepteni alikuwa juu kabisa. Akachagua kulifuta jina, mashine ikamuuliza kama ana hakika.

"Usinifute."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Akainama nyuma ya skrini, akapapasa. Plastiki tupu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Akajiambia ni redio ya jirani, akabonyeza.

Jina likatoweka. Kisha likarudi. Akabonyeza tena. Likarudi.

"Mke umeoa," sauti ilinong'ona, taratibu, kutoka kwenye kioo. "Nyumba umehamia. Hata jina, ndugu yangu?"

Akavuta nyaya zote. Wa umeme pia. Skrini ikawa nyeusi. Ndani ya ule weusi aliiona sebule yake. Aliiona sofa. Kulikuwa na mtu ameketi.

Akageuka polepole. Sofa ilikuwa tupu. Ila mto wake ulikuwa umebonyea, na ulikuwa unainuka kidogokidogo.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani alikuwa anaongea?"

"Hakuna."

"Usinidanganye, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemsikia." Na uso wake uling'aa kwa furaha ambayo seremala hakuwahi kuiona, hata siku aliyomuoa. Hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko sauti yenyewe.

Kesho yake waliikuta alama ya kiganja cha mwanaume katikati ya kioo. Seremala aliifuta kwa kitambaa, akaifuta kwa spiriti. Haikutoka. Ilikuwa upande wa ndani. Alitaka kuitupa skrini, mkewe akasema ikitoka hiyo na yeye anatoka.

Ipo pale mpaka leo, haina waya hata mmoja. Kila asubuhi mwanamke huipangusa vumbi, halafu huweka kiganja chake juu ya kile, vidole kwa vidole, akatulia kidogo. Anasema kioo kina joto.

Siku moja mkewe alipokwenda dukani, seremala naye alisogea. Akajaribu kuweka mkono wake pale pale. Kioo kilikuwa baridi. Akauondoa mkono, akatazama.

Alama ilikuwa imekunja ngumi.

Mkewe aliporudi, ilikuwa imefunguka tena.