Tulingoja Jua Lizame

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na moja, ni msusi wa nywele hapa Awindiri, Arua. Shule niliachia Senior Two. Naitwa Ayikoru, kwetu maana yake ni furaha, na kweli mimi ni mtu wa kucheka. Hata leo naota saluni yangu yenye kioo cha ukuta mzima! Lakini iko Jumamosi moja... ikinijia kichwani mikono inaacha kusuka, mpaka mteja ananiuliza, "Dada, umelala?"

Sijalala. Namkumbuka mtoto wa dada yangu.

Dada yangu Candiru aliolewa nje kidogo ya Koboko, na mwendesha bodaboda anayeitwa Andama. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa nilienda kukaa nao, nimsaidie kazi. Shemeji nilimpenda, siwafichi! Aliniita Madamu Saluni, na akirudi jioni lazima aulize kama kioo changu kimeshafika.

Zamani alikuwa mlevi. Jumamosi moja, kabla hajaoa, alianguka na pikipiki akiwa amelewa, nusura afe. Alipopona akaingia kanisa letu, sisi tunaotunza Sabato, akaapa mbele za Mungu: hatawasha pikipiki tena siku ya Sabato, maisha yake yote.

Na alishika! Kila Ijumaa tulipika mihogo na maharage mapema, tukachota maji, tukazima moto. Jua likigusa miti, Andama anafunga pikipiki kwa mnyororo, anazima simu, anaanza wimbo. Niliipenda sana saa ile. Nyumba yote ilitulia kama mtoto aliyeshiba... Nani angejua?

Jumamosi ile niliyowatajia mwanzo, tulikuwa tumetoka kanisani. Mchana, Candiru akashika tumbo. Siku zake zilikuwa bado. Halafu tukaona damu!

"Shemeji, twende hospitali!" nikasema.

Andama akatazama pikipiki, akatazama juu. "Niliapa," akasema. "Nikiwasha leo, Mungu atachukua mtoto. Jua likizama tu nawapeleka. Tuombe, Ayikoru."

"Tuombe tukiwa njiani!"

Akanipa mgongo. Akapiga magoti.

Nilikimbia hadi barabarani. Stejini hakuna mtu! Bodaboda zote zilikuwa zimebeba watu kwenda mazishi upande wa mpakani, na majirani wote walikuwa huko huko. Lori zilipita na vumbi lake. Nilipunga kitenge mpaka mkono ukalegea, hakuna aliyesimama. Nikarudi, nikamshika Andama miguu, nikamlilia. Nikauvuta ule mnyororo mpaka kucha zikakatika. Ningefanya nini? Kuendesha sijui. Kumbeba siwezi...

Basi tukangoja. Mmewahi kungoja jua, wapendwa? Halikuonei huruma! Kivuli cha jiko kilisogea kidogo, kikaonekana kama kimesimama. Candiru aliacha kupiga kelele, na huko kunyamaza kwake kukanitisha zaidi.

"Ayikoru," akaninong'oneza, "bado liko juu?"

"Limekaribia, dada." Nilimdanganya. Lilikuwa juu.

Aliyefika ni Mama Zaitun, jirani yetu Muislamu, katoka mazishini na pickup ya kaka yake. Aliona damu mlangoni, akarusha viatu.

"Andama! Mutu iko nakufa, na weye nangoja jua? Hiyo jua ndiyo Mungu yako?"

"Mama, niliapa..."

"Shika miguu yake, tubebe! Hiyo kiapo utalia nayo kesho!"

Tuliingia hospitali jua likiwa bado mitini. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Daktari alianza kusema, "Mngekuja mchana..." akamfunika mtoto kwa shuka.

Mchungaji alipokuja kutufariji, Andama alimweleza kwamba alitunza Sabato. Yule mzee akashika kichwa. "Nani alikufundisha hivyo, mwanangu? Kondoo akitumbukia shimoni siku ya Sabato si tunamtoa? Ungeniita, ningempeleka mimi mwenyewe!" Andama alikaa chini palepale, kwenye udongo, kama mtu aliyekatwa miguu.

Nilimrudisha dada kwa mama yetu, Awindiri. Hakumlaani mume wake, hakumtaja. Alikunja tu nguo ndogo ndogo, akazikunjua, akazikunja tena. Na mimi mwenye kuchekesha watu... nilikaa tu nyuma yake nikamsuka nywele!

Halafu Sabato moja tukasikia pikipiki mlangoni. Andama! Kaiendesha kutoka Koboko mpaka Arua, siku ile ile aliyoapa kutoiwasha. Amekonda, macho mekundu.

"Sikuja kuomba urudi," alimwambia dada yangu. "Nikifumba macho naliona lile jua. Sina mahali pa kupumzika."

Mimi nilikuwa natafuta neno la kumchoma. Candiru akainuka, akawasha moto siku ya Sabato, akakoroga uji, akatandika mkeka.

"Kunywa. Halafu ulale."

"Candiru, mimi nilimuua mtoto wetu..."

"Najua. Kunywa."

Alilala kama mtoto mchanga. Dada alikaa kando yake akimfukuzia nzi kwa kitenge, na machozi yanadondoka. Kama atamrudia, sijui. Na yeye hajui.

Wapendwa, nawaomba, msipite njia yetu! Sabato naitunza bado, naipenda. Lakini mtu akilia siku hiyo, msimwambie angoje. Msidhani Mungu amekaa na fimbo anavizia nani amewasha pikipiki. Mahubiri ya pumziko nimesikia mengi, ila pumziko lenyewe nililiona kwenye mkeka ule... mkosaji amelala, na aliyeumizwa anamlinda. Huruma ya namna hiyo mimi bado sina. Naiomba kila siku.

Ijumaa jua likigusa miti tunazima moto, kama zamani. Ila sasa dada anabakiza kaa moja chini ya majivu. Nilimuuliza ni la nini.

"Huenda mtu akaja," akasema.