Roboti Isiyoona Kuku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasro alimsaidia baba yake kuanika mahindi. Waliishi Tuwan, mjini Kitale, na baba yake, Mzee Abdikarim, alikuwa muuzaji wa nafaka. Walikunjua turubai uani, wakamwaga magunia mawili, kisha Nasro akayatandaza kwa reki. Kabla hajamaliza, kuku wa jirani walikuwa wamefika. Aliyewaongoza alikuwa tetea mnene aliyeitwa Waziri, kwa sababu alitembea polepole na hakumpisha mtu.

"Nasro, wageni wako wamekuja tena," baba yake alisema.

"Si wangu, Baba. Ni wa Mama Phelista."

"Basi wape chai, maana mahindi wameshajipakulia."

Siku hiyo Nasro alipata wazo. Shule yao ilikuwa imealikwa kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya roboti mjini Bungoma. Mwalimu Jepkoech, aliyewafundisha sayansi, alikuwa amemchagua yeye na mwenzake Khisa, wote wa Gredi ya Nane, waiwakilishe shule. Kila timu ilitakiwa kutengeneza mashine ya kuwasaidia watu wa nyumbani. Nasro na Khisa wakaamua kutengeneza askari wa kufukuza kuku.

Kazi iliwachukua wiki sita. Mwili wa roboti ulikuwa mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, na magurudumu yalitoka kwenye gari bovu la kuchezea. Mwalimu aliwapa betri, mota mbili na jicho. Jicho hilo halikutumia mwanga. Lilitoa mlio usiosikika na binadamu, kisha likasubiri mwangwi. Mwangwi ukirudi upesi, roboti ilijua kuna kitu karibu. Hapo ilipaswa kulia pii-pii-pii, kukimbia mbele hatua mbili, kisha kurudi mahali pake. Khisa aliandika programu, Nasro akapima na kuandika matokeo daftarini. Waliipa jina Askari.

Alhamisi kabla ya mashindano walimjaribu Askari uani. Waliweka ndoo mbele yake mara ishirini, naye akaiona mara ishirini. Aliuona ukuta. Aliona kiti. Alimwona hata Mzee Abdikarim akipita na sinia, akamfukuza mpaka jikoni.

Kisha akaja Waziri. Alipita mbele ya jicho akidonoa mahindi. Askari alinyamaza kimya. Waziri alimzunguka, akamtazama kwa upande mmoja, akarukia juu ya mtungi na kukaa. Walijaribu mara ishirini. Askari alimwona mara nne tu.

"Ndoo anaona, ukuta anaona, baba yako anaona," Khisa alisema. "Kitu asichoona ni kuku peke yake."

"Na kwenye fomu tumeandika ati ni askari wa kuku."

Khisa alifikiri kidogo. "Televisheni ya nyumbani kwetu imekufa, ila rimoti yake ni nzima. Nitatoa kipokezi cha televisheni hiyo, nikiweke ndani ya mtungi. Wewe utaificha rimoti kwenye mkono wa sweta. Kuku akija, unabonyeza. Nani atajua?"

"Huo si ni uongo?"

"Ni kumsaidia tu, bana. Hatuna muda wa kutafuta dawa nyingine."

Nasro hakupenda shauri hilo. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshawatangaza gwarideni, na wanafunzi wote walikuwa wamepiga makofi. Akaubana kwa pini ukurasa wa daftari wenye matokeo ya kuku, ili mtu asiusome. Ijumaa Mwalimu Jepkoech alipowauliza kama kila kitu kiko sawa, alijibu akitazama viatu vyake.

"Kiko sawa, Mwalimu."

Jumamosi walifika Bungoma pamoja na Mwalimu Jepkoech, Waziri akiwa ndani ya kikapu. Mama Phelista alikuwa amewaazima kwa sharti kwamba arudi na manyoya yote. Ukumbi ulijaa wanafunzi wa shule kumi na nne. Ukutani kulikuwa na televisheni kubwa ya kuonyesha alama, na Mzee Wepukhulu, mtunza ukumbi, alikuwa amekaa kando yake na rimoti mkononi.

Zamu yao ilipofika, Nasro aliwaeleza waamuzi jinsi Askari anavyofanya kazi. Khisa alimwaga mahindi mkekani, akamtoa Waziri kikapuni. Waziri alipokaribia, Nasro alibonyeza rimoti ndani ya sweta. Pii-pii-pii. Askari alikimbia, Waziri akaruka, ukumbi ukashangilia. Mwamuzi mkuu, mhandisi aliyeitwa Linet, aliandika kitu na kutabasamu.

Wakati huo Mzee Wepukhulu aliona kelele zimezidi, akaongeza sauti ya televisheni.

Askari akalia na kukimbia tena. Nasro akamtazama Khisa. Khisa akamtazama Nasro.

"Sijabonyeza," Nasro alinong'ona.

Khisa alijishika kichwa. Kwa haraka zake za usiku wa Alhamisi, alikuwa ameiandika programu ili Askari atii rimoti yoyote, kitufe chochote.

Mzee Wepukhulu hakuridhika na sauti. Akabonyeza tena, na tena, kisha akabadilisha chaneli kuangalia kama mpira umeanza. Askari akaingia chini ya meza ya waamuzi. Mwamuzi mmoja akapandisha miguu yote miwili kitini. Askari alipotulia kidogo, Waziri aliona amepata kiti alichokizoea, akarukia juu ya mtungi. Mzee akabonyeza tena, na Waziri akabebwa mbele ya watu wote, shingo wima, kama kiongozi anayekagua gwaride. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

"Huyu anafukuza kuku au anawasafirisha?" Linet aliuliza. Aliitazama televisheni, kisha Askari. "Mzee, hebu bonyeza mara moja."

Mzee Wepukhulu akabonyeza. Pii-pii-pii.

Kicheko kikaisha. Nasro alihisi uso wake ukiwaka. Angeweza kusema kwamba ni hitilafu ya programu, na Khisa alikuwa tayari amefungua mdomo kusema hivyo. Lakini Nasro alichomoa rimoti kwenye sweta, akaiweka mezani.

"Madam, roboti yetu haioni kuku. Nilikuwa nabonyeza mimi." Akatoa pini kwenye daftari, akampa.

Linet alisoma. "Ndoo, ishirini kwa ishirini. Kuku, nne kwa ishirini. Mnajua kwa nini?"

"Hapana."

"Manyoya ni laini. Mlio wenu unazama ndani yake kama unavyozama kwenye godoro, kwa hiyo mwangwi haurudi." Alifunga daftari. "Jaribio mlilofanya lina alama sufuri. Mmetudanganya. Ila kanuni zinaruhusu zamu moja ya mwisho, ya majaribio matano, baada ya chakula cha mchana, bila msaada wa rimoti."

Walikuwa na saa moja na hawakuwa na jicho la kuona kuku. Wakiwa wamekaa kwa huzuni, mvulana wa timu ya Bumula aliyeitwa Wamalwa aliwajia.

"Niaje. Kuku wenu ni noma," alisema. "Mimi nimebaki na jicho moja, lile la taa zinazowaka mtu akipita. Linahisi joto la mwili unaosogea. Si kuku ana joto?"

Hawakula chakula. Nasro aliunganisha nyaya, Khisa akakitoa kipokezi na kuandika programu upya. Mzee Wepukhulu mwenyewe alitoa betri kwenye rimoti yake, akazitia mfukoni. "Nisije nikawaharibia tena," alisema.

Katika majaribio matano, Askari alimwona Waziri mara tatu. Mara ya nne Waziri alisimama tuli na hakuonekana. Mara ya tano Askari alimfukuza mwamuzi yule aliyeogopa. Walimaliza wakiwa wa tisa.

Jioni walikaa kwenye ngazi za ukumbi wakisubiri gari la shule.  Mwalimu Jepkoech alikaa kati yao.

"Jana niliwauliza kama kila kitu kiko sawa. Mlinijibu nini?"

"Kwamba kiko sawa," Nasro alisema.

"Kule shuleni, kwenye kabati langu la maabara, kuna macho mawili kama lile la Wamalwa."

Khisa aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti.

"Sikasiriki kwamba Askari hakuona kuku," Mwalimu aliendelea. "Mashine hukosea, na ndiyo maana tunazijaribu. Lakini mlipolificha kosa, mlimzuia kila mtu ambaye angewasaidia. Mmepata msaada dakika ile ile mliposema ukweli, tena kwa watoto mnaoshindana nao."

 Nasro akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hayo macho mawili, tunaweza kuyapata Jumatatu?"

"Jumatatu, baada ya masomo. Na mje na daftari, lakini bila pini."