Alichoandika Sabiti

Mwaisha alikanyagwa mguu mlangoni pa Akida mpiga picha, Shinyanga mjini, mwaka 1935. Aligeuka kwa hasira, akamwona kijana mrefu wa kanzu nyeupe na koti jeusi, amekumbatia vitabu kifuani, na hasira ikamwishia hapo hapo.

"Nisamehe, bibi," kijana alisema. "Ningekanyaga kwingine ningejua wewe ndiye unayepita."

"Kwa hiyo wengine wakanyagwe tu?"

Kijana aliitwa Sabiti. Alikuwa ameandika kitabu cha hadithi za wachimba dhahabu wa Geita, na Akida alimwahidi kwamba akishatundika picha zake zote ukumbini, atawaalika watu waje kuzitazama na kumsikiliza akisoma. Mwezi mzima Sabiti alipita dukani kwa baba yake Mwaisha kwa visingizio, leo uzi, kesho sindano. Mwaisha alimuuliza kama anashona kitabu au anakiandika. Walipendana, tena waziwazi kiasi kwamba kila mtu aliona isipokuwa baba mtu.

Mtaani Mwaisha aliitwa msomi, kwa kuwa aliwasomea wanawake barua zao. Barua hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, alizojifunza chuo cha Kurani. Za Kizungu, zilizojaa katika kitabu cha Sabiti, hakuijua hata moja. Hakumwambia mtu, na Sabiti aliyesoma shule ya serikali hakuwaza kuuliza. Msomi ni msomi, alidhani.

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Mwaisha alivaa kanga mpya zilizofukizwa udi, hina bado mbichi viganjani. Sabiti alisoma vizuri mno, watu wakacheka, wakanyamaza, wengine wakajifuta macho. Kisha Akida akatangaza kwamba mwandishi atatia jina lake katika kila kitabu. Mzee Ngassa, mfuga ng'ombe, alidhani ni mkataba, akataka naye atie dole gumba. Wakamletea wino.

Zamu ya Mwaisha ilipofika, Sabiti aliandika mistari minne.

"Kasome ukiwa peke yako," alinong'ona. "Nitangoja mpaka Ijumaa."

Hapo ndipo angesema ukweli. Neno moja tu. Lakini nyuma yake walisimama wanawake wale wale aliokuwa akiwasomea, na Mwaisha alikuwa na kiburi. Alikifunika kitabu, akatabasamu. Nyumbani aliitazama ile mistari mpaka macho yakamuuma, akajifariji kwamba ni salamu tu, kama walivyoandikiwa wote. Mapenzi ya kweli yangekuja na mshenga.

Ijumaa Sabiti alimkuta mlangoni pa duka.

"Ulisoma niliyokuandikia?"

"Nilisoma. Si maneno ya kumwandikia kila mtu?"

Sabiti hakugombana naye. Alisema amesikia, akamtakia heri, akaondoka. Wiki ile ile alipanda lori la Geita kufanya kazi ya ukarani mgodini. Mwaisha alingoja mshenga miezi minne, kwanza kwa furaha, halafu kwa uchungu, halafu kwa kumlaani.

Alihamia jirani mama mmoja, Justa, aliyesomea misheni Ushirombo. Alikiona kitabu, akakifungua na kusoma kwa sauti, bila kujua anachokifanya: "Mwaisha, mpenzi wangu. Nikimtuma mshenga kwa baba yako, utanikubali? Sitaki kuaibishwa mbele ya wazee. Nijibu wewe kwanza."

Mwaisha alikaa chini sakafuni.

Mwisho wa mwezi alisikia Sabiti yuko mjini, akamfuata kwa Akida bila kumuaga mtu. Alimkuta anachagua picha. Akamweleza yote, pamoja na kiburi chake.

"Sizijui herufi zile," alisema. "Sijawahi kuzijua. Nilikudanganya kwa aibu, na nakupenda."

Sabiti aliziweka picha mezani. Macho yalimjaa maji.

"Posa yangu imepokelewa Buseresere, kule kule Geita," alisema. "Naoa baada ya siku kumi. Yule binti hana kosa, Mwaisha. Siwezi kumfanyia hivyo."

"Ungeniuliza kwa mdomo."

"Niliogopa."

Mwaisha alirudi kwa njia ya sokoni, mchana kweupe, akilia mbele ya watu wote, na hakuvuta kanga kujifunika uso.