Mgeni wa Chumba cha Rahabu

Kirsi alitoka Ufini akijua shikamoo na asante tu, kwa hiyo asubuhi ile alipomwamkia mwenyeji wake Esta kwa Kishambaa, lugha ya milimani hapo, Esta aliitikia kwanza, kisha mwiko ukamponyoka.

"Nani kakufundisha hayo?"

Binti alimtazama bila kuelewa, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Samahani, Mama. Mimi nasema nini?"

Ulikuwa mwaka 1993, biashara ilipokuwa imeachiwa huru, na pamoja na mitumba na redio za Dubai wakaanza kuja pia wanafunzi wa kubadilishana. Kristofa, aliyewasimamia hapo Lushoto, alimpeleka Kirsi kwa Esta na mumewe Hezekia, njia ya kwenda Irente, kwa kuwa walikuwa na chumba kitupu. Kilikuwa cha Rahabu, binti yao wa pekee, aliyeteleza kwenye majabali akafa masika iliyopita akitafuta kuni.

Siku za kwanza Kirsi alihangaika. Ugali ulimkwama kooni. Baridi ilimshangaza, maana alidhani Afrika yote ni joto. Alikuwa akienda kulia chooni akidhani hasikiki. Esta alimsikia, wala hakwenda kumbembeleza. Kila alipomwona amekalia kitanda kile, moyo ulimchoma.

Baada ya asubuhi ile, chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa muda huohuo. Mchana, ukungu ulipopanda kutoka bondeni na kuziba madirisha, zilisikika kucha zikikwaruza ukuta kwa ndani, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda jabali akateleza, akapanda tena akateleza, na Hezekia alipofungua mlango alimkuta mgeni amesimama ameukabili ukuta, vidole vinavuja damu, akiimba polepole wimbo wa kwaya alioupenda Rahabu, kwa sauti ya Rahabu, hata kile kikohozi chake kidogo katikati ya ubeti kikiwemo.

Hezekia alikuwa mzee wa kanisa. Hata hivyo alishuka bondeni hadi Magoma akamleta Bi Halima, mwanamke wa Kiislamu aliyejulikana kwa kutoa majini. Bi Halima alimnusa binti utosini, akawavuta wazazi pembeni.

"Huyo si mwanenu," alinong'ona. "Ni jini wa majabali. Alimmaliza mwanenu akabaki na sauti yake. Sasa amepata mwili wa mtu aliye mbali na kwao. Nikimtoa leo, mgeni atapona. Tukimwacha, mwenye mwili atazimika kidogokidogo."

Ubani ulifukizwa, moshi ukajaa chumbani. Bi Halima alisoma, na Kirsi akatetemeka, akaanguka, meno yakisagana. Kisha ikatoka ile sauti.

"Mama, unawaacha wanifukuze? Kule chini kuna baridi. Nilikuita mpaka giza likaingia, hukuja."

"Usimjibu," alisema Bi Halima kwa sauti ya chini. "Ukimwitikia umemkaribisha."

Esta alikipiga teke chetezo, makaa yakatawanyika sakafuni. Alipiga magoti katikati yake bila kujali yanamuunguza, akamkumbatia binti.

"Nipo, Rahabu. Mama yako nipo."

Bi Halima alimgeukia Hezekia. "Baba, bado unaweza kumzuia. Huyu mgeni naye ana mama yake."

Hezekia alimtazama mkewe, akamtazama binti. Akaenda kumfungulia Bi Halima mlango atoke.

Mwisho wa mwezi Kristofa alikuja kumjulia hali mwanafunzi wake. Alimkuta uani anachambua maharage na Esta, wanateta na kucheka kwa Kishambaa.

"Mama, sijaona mgeni aliyezoea upesi hivi," alisema kwa furaha. "Nitawapigia simu wazazi wake."

"Waambie hana shida," alisema Esta. "Amefika nyumbani."

Kristofa alipopotelea kwenye ukungu, ungo ulianguka. Binti aliidaka kanga ya Esta kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akitafuta neno moja moja kama mtu anayetafuta hewa.

"Mama, mimi Kirsi. Saidia. Nataka nyumbani. Tafadhali, Mama."

Esta alimshika mkono, akamwingiza chumbani na kumkalisha kitandani. Alimfuta machozi taratibu kwa pindo la kanga, kisha akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza," alimwambia. "Mpishe mwenzako azungumze."