Aliyekaribishwa na Mama Argia

Siku ile chumba cha mnara hakikunuka.

Ersilia alikuwa ametangulia ngazini, nyuma yake walimu wastaafu kumi na wawili kutoka Parma. Mbele ya mlango mdogo wa mwaloni alisimama kama alivyosimama kwa miaka thelathini na mmoja ya kuwatembeza wageni ndani ya ngome ya Pietrafosca. Akagonga mara moja, akasema, "Hodi."

"Na akijibu?" akauliza mzee mmoja mnene, akihema.

"Hajawahi kujibu."

"Basi hana adabu."

"Adabu anayo, bwana. Ila yeye naye ni mgeni humu, na mgeni hakaribishi watu."

Walicheka, naye akafungua. Siku zote harufu ya chokaa mbichi, kama ya ukuta uliopigwa lipu asubuhi hiyohiyo, iliwapokea watu pale kizingitini na kuwakohoza hata katika joto la Agosti. Leo kilikuwa chumba tu. Mawe, vumbi, tundu la dirisha na mvua ya Oktoba nje. Ersilia akawasimulia habari za bwana wa ngome aliyemwalika mtu chakula, kisha badala ya kumlisha akamjengea ukuta mlangoni mwa chumba hikihiki, akiwa hai. Alisimulia vibaya, akaruka sehemu mbili. Chumba kilikuwa kitupu kama kinavyokuwa chumba ambacho mwenyewe ametoka kidogo.

Hakuwapeleka kwenye kisima cha ngome, mwisho wa matembezi ya kila siku. Aliwarudisha getini kabla ya wakati, akavuka ua akielekea nyumba ya mlinzi, alimoishi na mama yake, iliyoegemea ukuta wa kusini, na kabla hajagusa kitasa cha jikoni ile harufu ikampata.

Mama yake, Argia, alikuwa mezani. Vikombe viwili vya kahawa, sahani ya biskuti, kiti cha pili kimevutwa nje.

"Mama, nani amekuja?"

"Kuna mtu alibisha hodi."

"Ulimwona uso?"

"Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, natazama birika."

"Ukasemaje?"

Argia akamtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelelewa vibaya. "Ulitaka nimwache mtu kwenye mvua? Nikasema karibu."

Funguo za Pietrafosca zilikuwa zimeshikwa na watu watano wa ukoo mmoja, na Ersilia aliwajua wote kwa majina na miaka. Kila mmoja alipokea masharti mawili: mnarani, piga hodi; nyumbani, usimkaribishe mtu kabla hujamwona uso. Mwaka 1934 Fosca, shangazi ya baba yake, alikuwa akikanda unga, akasikia hodi, akasema karibu bila kugeuka. Siku ya Wafu, tarehe mbili Novemba, walimkuta kwenye sakafu ya mnara, ameketi vizuri, mikono imekunjwa mapajani, kinywa kimejaa chokaa mbichi. Aliyemsimulia Ersilia habari hizo, mara nyingi kuliko mtu yeyote, ni Argia mwenyewe. Lakini katika miaka miwili hii kumbukumbu za mama zilikuwa zikipukutika: kwanza siku za juma, kisha majina ya waliokufa, kisha habari za Fosca. Adabu peke yake ndiyo haikupukutika.

Asubuhi iliyofuata kahawa ya kikombe cha pili ilikuwa imefanya ngozi nyeupe juu. Ersilia akaigusa kwa kijiko, ikalia kama bamba la udongo.

Mgeni alikaa. Hakuvunja kitu, hakupiga kelele. Baada ya chakula cha mchana, saa ile watu wanapofunga madirisha na kulala, kiti cha pili kilitoa mlio mdogo, kama mti unaopokea uzito, na Argia akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, akinyamaza mahali pa kunyamaza, akicheka mahali pa kucheka. Siku ya tatu ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na hazikuoshika. Siku ya tano Ersilia alimshika mkono, akauachia upesi, maana ulikuwa na ubaridi wa ukuta usiowahi kuona jua.

"Anasemaje, mama?" alinong'ona.

"Anasema hajapewa kahawa nzuri hivi tangu azaliwe."

"Na nini tena?"

"Naye atanialika. Siku ya Wafu, chakula cha mchana. Anasema kwake ni padogo lakini ni pakavu." Argia akaona haya kidogo. "Nitavaa gauni la bluu."

Ersilia akakigeukia kiti kitupu. "Toka nyumbani kwetu."

Kinywa chake kikajaa vumbi papo hapo, akapiga magoti akikohoa, akitema matope meupe sakafuni, na juu yake akamsikia mama yake akiomba radhi kwa unyenyekevu: "Msamehe, bwana. Si kawaida yake. Baba yake alimdekeza."

Zelinda alipanda kutoka kijijini tarehe thelathini na moja Oktoba. Alikuwa mganga wa mafuta na alama ya msalaba, mwanamke mfupi wa miaka sabini aliyefundishwa maneno na bibi yake mkesha wa Krismasi, maana siku nyingine hayafundishwi. Akaweka sahani ya maji mezani, akadondosha mafuta matone matatu. Hayakuelea. Yalizama kama vijiwe.

Akamvuta Ersilia hadi uani. "Huyu simfukuzi mimi. Wala wewe."

"Kwa hiyo nimwache mama aende?"

"Shusha sauti. Hakuingia kwa uchawi, kaingia kwa kukaribishwa. Mlango alioingilia ni mama yako, na kwa mlango huohuo atatoka."

"Mama hakumbuki hata leo ni siku gani, Zelinda. Nimemwambia habari za Fosca mara kumi. Ananiambia masikini, ni nani huyo?"

"Nani kakwambia umkumbushe?" Zelinda akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. "Wewe nyamaza. Ulimwambia mgeni toka; si ajabu bado amekaa."

Akarudi jikoni, akaketi karibu na Argia, akakitazama kiti cha pili kwa heshima.

"Argia, mgeni wako ana siku ngapi?"

"Amefika sasa hivi tu."

"Kikombe kimepoa. Na wewe hujasimama hata mara moja. Tangu lini mgeni mwenye adabu akaondoka kabla mwenyeji hajasimama? Unamtesa mtu wa watu."

Argia akashika shavu. Wekundu ukampanda usoni, wa kwanza tangu mgeni afike. "Mungu wangu. Ni kweli. Ni haya magoti, bwana, usinifikirie vibaya." Akaushika ukingo wa meza, akasimama.

Kiti cha pili kikalia, kikarudi nyuma chenyewe.

Wakatoka. Argia alitangulia, mkono wake wa kushoto umekunjwa na kuinuliwa kidogo, kama wa mwanamke aliyeshikwa kiwiko na mtu mrefu kuliko yeye. Ua wa mawe ulikuwa umelowa, na kando ya alama za viatu vyake zilitokea nyayo nyingine, nyeupe, za miguu mitupu, moja baada ya moja, bila haraka. Ersilia alifuata nyuma akiwa ameung'ata mkono wake mwenyewe asije akatoa sauti, akiona jinsi mama yake anavyoinamisha kichwa kusikiliza na kuitikia, jinsi kila hatua kumi anavyosimama kama watu wanaoagana wanavyosimama ili waagane tena, jinsi weupe ulivyokwisha kupanda kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo cha mkono na sasa, kadiri ngazi za mnara zilivyokaribia, unavyopanda kuelekea shingoni, hata akaingiwa na wazo kwamba Zelinda amekosea na kwamba wao wawili wanamsindikiza mama kwa mikono yao wenyewe, siku mbili kabla ya wakati, kule alikoketi Fosca.

Juu, mlango wa mwaloni ulikuwa wazi. Argia akasimama nje ya kizingiti. Mkono wake ukashuka polepole, kama uliobusiwa na kuachiwa.

"Safari njema, bwana," akasema.

Harufu ya chokaa ikawapita ikaingia, nzito, ikajaa chumba kama maji yanavyojaa mtungi. Weupe ukateremka mikononi mwa Argia, ukadondoka sakafuni kama unga mkavu. Zelinda akauvuta mlango, akachovya kidole kwenye mafuta, akaanza kuchora alama ya kwanza juu ya mbao.

Ulibaki upenyo mdogo. Argia akauinamia, akatabasamu kama alivyowatabasamia wageni wote wa maisha yake.

"Na usitupotee," akasema. "Karibu tena, wakati wowote."

Kidole cha Zelinda kikasimama katikati ya msalaba.

Siku ya Wafu ilipita salama. Mikono ya Argia ikarudi kuwa na joto, akala supu ya maharage, akaulizia gauni la bluu mara moja tu. Ersilia akawaomba watu wa kijiji wasibishe hodi kwake tena. Tarishi akawa anapiga mluzi tangu getini, mwokaji mikate anaimba, Zelinda anamwita kwa jina. Hakumwacha mama peke yake hata dakika moja.

Januari, siku ya theluji, walikuwa wameketi jikoni baada ya chakula. Hapakuwa na mluzi wala wimbo. Mlango ukagongwa mara moja.

"Hodi," ikasema sauti ya mtu asiye na haraka.

Ersilia alimfikia mama yake kabla hajavuta pumzi, akamziba kinywa. Wakakaa hivyo, wawili, wakiutazama mlango. Hodi ikarudiwa, kwa upole uleule. Na chini ya kiganja chake alihisi midomo ya mama, ile yenye adabu, ikiliumba neno.