Uzio wa Mabati

Kwoo! Kwoo! Kwoo!

Sauti ilitoka chini, karibu na magunia ya saruji, na foleni nzima ya duka la vifaa vya ujenzi ikageuka. Mzee mmoja akainua mguu.

"Kuna chura humu!" mwenye duka akapiga kelele.

"Samahani jamani, ni simu yangu." Msichana mwenye gauni la kijani na mabuti ya mpira yaliyojaa matope aliinama, akaitoa simu mkobani na kuizima.

Nyuma yake alisimama fundi wa uzio, bunda la waya begani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Mji mzima wa juu ulimjua kwa mambo mawili: uzio wake haukupinda, na mdomo wake haukulala.

"Dada, wenzako huweka nyimbo za mapenzi kwenye simu."

"Na huo ndio wimbo wa mapenzi, kaka. Dume anamwita jike. Tofauti yenu ni kwamba yeye akiita, anamaanisha."

Foleni ikaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akamwomba namba. Alitoka dukani na waya wake, na namba ya simu.

Msichana alikuwa mtaalamu wa vyura wa halmashauri ya mji wa chini. Kati ya miji yao miwili kulikuwa na msitu: miti ilikuwa ya mji wa juu, bwawa la bondeni la mji wa chini. Halmashauri hizo ziliishi kama wake wenza. Kila mmoja na walinzi wake, kila mmoja akimnunia mwenzake. Wapenzi hawakujali. Kila Jumapili walikutana kwenye njia ya msituni.

"Mvua ya kwanza ikinyesha," msichana alimweleza siku moja, "vyura wote wa huko kwenu juu hushuka kutaga bwawani kwetu. Unanisikia, Fundi?"

"Nakusikia, Bibi Chura."

Hakusikia kitu. Alikuwa akiitazama shingo ya msichana. Alichokisikia ni pale mpenzi wake alipolalamika juu ya malori yanayomwaga taka miongoni mwa miti. "Laiti angetokea mtu wa kuyazuia!"

Basi halmashauri ya mji wa juu ilipompa kazi ya kuzungushia msitu uzio, fundi alijiona ametumwa na mapenzi yenyewe. Waya pekee haukumtosha. Akasimamisha mabati chini ya waya, ncha zimezikwa ardhini, kutoka mwanzo wa mteremko hadi mwisho, mtu asipenye hata kwa tumbo. Mpenzi wake alikuwa kwao, akimuuguza mama. Fundi alitaka kumshangaza. Alipomaliza, akamtumia ujumbe:

*Nimeizingira nyumba, uipendayo moyoni,*
*Hata mwizi akiomba, hapiti tena njiani.*

Usiku huo mvua ya kwanza ikanyesha. Siku ya pili jua likawaka, na simu ikalia.

"Nimerudi. Njoo kwenye uzio wako," alisema, na kukata.

Fundi alipiga pasi shati jeupe. Alishuka akipiga mluzi, hadi alipomwona amepiga magoti upande wa juu wa mabati, ndoo mkononi. Vyura walikuwa wamelundikana pale, mamia kwa mamia, wamekauka kama majani, vichwa vyote vimeelekea bwawani.

"Shairi lako zuri, Fundi. Kweli mwizi hapiti. Wala chura."

"Mpenzi, nilitaka kulinda..."

"Ulimuuliza nani?"

Swali lilimchoma palipokuwa na kiburi. "Mji wangu, msitu wangu, kazi yangu! Niombe ruhusa kwenu kupigilia msumari?"

Msichana akasimama, akajifuta matope. "Sawa. Baki na nusu yako."

Wiki nzima fundi alipiga, na simu ya msichana ililia kwoo kwoo bila kupokelewa. Nyumbani, fundi alifoka, "Nimejenga ngome, naitwa muuaji!"

Dada yake, aliyekuwa akisuka nywele za binti yake, hakuinua hata kichwa. "Kwani alikuambia vyura wanapita wapi?"

Fundi akaketi kizingitini. Akakumbuka ile Jumapili; akakumbuka shingo, na maneno yakarudi moja moja.

"Aliniambia," akasema kwa sauti ndogo.

Halmashauri zilipokutana kugombana juu ya uzio, fundi aliomba kusema. Mhandisi wa mji wake akamkonyeza akae. Hakukaa.

"Uzio ni wangu, na nimekosea. Juu vyura wanalala, chini wanazaa. Ukilinda chumba kimoja na kuziba mlango wa kile kingine, umelinda nini? Tuulinde pamoja au tusijidanganye."

Walibishana hadi jioni. Mwishowe wakakubaliana: walinzi wa miji yote miwili wazunguke pamoja, malori yazuiwe barabarani, mabati yang'olewe. Kwenye kiti cha nyuma, msichana wa gauni la kijani aliinuka, akatoka bila kumuaga.

Fundi aliyang'oa mwenyewe. Alikuwa kwenye bati la mwisho, viganja vimechubuka, giza likiingia na manyunyu yakianza, aliposikia mabuti nyuma yake.

"Hilo umelizika kweli kweli," alisema msichana. Akashika ncha ya pili. Wakavuta, bati likatoka, wote wakaanguka chali matopeni. Msichana alicheka kwanza.

Kwoo.

"Simu yako," alisema fundi.

"Simu nimeiacha nyumbani."

Wakatega masikio. Gizani, chini ya miti, mmoja aliita, mwingine akajibu. Kisha kitu kidogo chenye baridi kikaruka juu ya mguu wa fundi, kikashuka bondeni.

"Wamebaki wachache, Fundi. Sijui kama watatosha."

Safari hii fundi hakutunga shairi. Alimshika mkono wenye matope.

"Nataka kukuoa. Na sikiliza, leo nasema kwa kinywa changu: sitajenga kitu chochote kati yako na unachokipenda. Na kabla sijapigilia msumari hata mmoja katika nyumba yetu, nitakuuliza. Kisha nitanyamaza, nikusikie."