Mshika Antena

Kila timu ya taifa ilipocheza, kazi za nyumbani kwao ziligawanywa mapema. Baba, ambaye alikuwa seremala, alipanga viti. Kaka alikaribisha wageni. Binti wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Refa kwa kuwa alijua sheria zote za mpira, alitoka nje kushika mlingoti wa antena. Akiushika, picha inatulia. Akiuachia, televisheni inajaa chenga. Basi aliyeujua mpira kuliko wote ndiye asiyeuona. Haki iko wapi hapo?

Siku ya robo fainali ya kombe, jua lilimpiga utosini tangu kipindi cha kwanza. Mikono ilimfa ganzi. Kupitia dirishani alisikia watu wakishangilia na kulaani, lakini yeye hakuambiwa kitu ila, "Hapo hapo! Usitikisike!"

Mara sebule nzima ikalipuka. "Penalti!"

"Yetu au yao?" Refa aliuliza. Hakujibiwa. "Kaka, yetu au yao?"

"Nyamaza wewe, shika antena!"

Hasira zikampanda. Kwani yeye ni mtu au mti? Akauzungusha mlingoti kwa nguvu zake zote, akauachia.

Nyumba ya jirani ilipiga shangwe: timu yetu imefunga! Kwao waliona chenga tupu. Baba akatoka mbio, macho yamemwiva, wengine nyuma yake.

"Umefanya nini?"

"Umeteleza wenyewe," Refa akasema.

Baba akamgeukia mjomba, fundi wa redio na televisheni, aliyeusimika mlingoti ule. "Shemeji, umelipua kazi! Na ile kazi ya televisheni za shule niliyokuombea, sahau. Kesho namwambia mwalimu mkuu asikupe. Siwezi kuaibika kwa ajili yako!"

Kazi ile mjomba aliisubiri muda mrefu, na wote walijua. Aliinama akaanza kukagua nati mojamoja, kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe. Refa alimtazama, hasira zikamgeukia yeye mwenyewe, na hizo zilichoma zaidi.

"Haukuteleza!" alifoka, machozi yakimtoka. "Nimeuachia mimi, makusudi! Nimeuliza yetu au yao, hamkunijibu! Mjomba msimwonee."

Baba alifungua mdomo ili afoke, mjomba akamwahi. "Ngoja, shemeji. Niliposema tutafute waya tuufunge ukutani, ulinijibuje?"

Baba alikuna kichwa. "Nilisema waya wa nini, na mtoto yupo."

Baba aliingia karakanani kwake, akarudi na waya, nyundo na misumari, naye mjomba akaufunga mlingoti ukutani. Dakika za mwisho Refa alizitazama akiwa amekaa kitini, akimfokea mwamuzi kuliko watu wote.

Mpira ulipokwisha, alimwomba mjomba msamaha. Baba naye aliomba, na akaahidi kwamba kazi ya shule iko palepale. Kisha akamwita binti yake.

"Kukasirika ulikuwa na haki, mwanangu. Lakini uongo wako ulimwangukia mtu asiye na kosa, ukakaribia kumnyima riziki yake. Siku nyingine ukionewa, sema."

"Baba, nilisema."

"Ni kweli, ulisema. Basi wewe jifunze kusema ukweli hata ukiwa na hasira, na sisi wakubwa tujifunze kumjibu mtoto anapouliza."